Mama Tembo: Mwitaliano Aliyebatizwa kwa Kiswahili

Filamu za Hollywood zilizopewa jina la Kiswahili ni za kuhesabika kwa vidole. Miongoni mwazo ni *Hatari!*, iliyotolewa mwaka 1962 chini ya mwongozaji Howard Hawks, na nyota wake John Wayne. Wapenzi wengi wa lugha wamepata kulisikia jina hilo. Walio wachache ni wanaomkumbuka mwanamke aliyebeba jina jingine la Kiswahili ndani ya filamu hiyo hiyo: Elsa Martinelli, ambaye maisha yake yote yalikuwa safari ya kuvua jina moja na kuvaa jingine.

Alizaliwa Grosseto, katika jimbo la Toscana nchini Italia, mwaka 1935, akaitwa Elisa Tia. Kwao hakukuwa na mali. Mwaka 1953, alipokuwa akihudumu katika baa mjini Roma, mbunifu wa mavazi Roberto Capucci alimwona, akamwingiza katika ulimwengu wa mitindo. Picha zake magazetini zikavuka bahari, zikamfikia mwigizaji Kirk Douglas. Hivyo mwaka 1955 akacheza naye katika *The Indian Fighter*, akivaa uhusika wa binti wa Wasioux, wenyeji wa Marekani. Mwaka uliofuata alitunukiwa Dubu wa Fedha mjini Berlin, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya *Donatella*. Alipoolewa mwaka 1957 na mwanamume wa ukoo wa kikabaila, akaongeza cheo: binti wa Grosseto sasa akawa mke wa mtu mwenye hadhi ya hesabu ya vizazi.

Mwishoni mwa mwaka 1960 akaja Tanganyika. Msomaji wa Singida anayetaka kufika palipopigwa picha hizo na ashike barabara ya kaskazini, apite Katesh chini ya Mlima Hanang, avuke Babati, aingie Arusha. Huko, katika mbuga zilizozunguka Mlima Meru, waigizaji waliwafukuza vifaru na twiga kwa magari, wakiwanasa kwa kamba kwa ajili ya mabustani ya wanyama ya nchi za nje. Sehemu kubwa ya mbio hizo haikuwa maigizo. Mnyama alikuwa mnyama kweli, na vumbi lilikuwa vumbi kweli.

Martinelli aliigiza kama mpiga picha aitwaye Anna Maria D'Alessandro. Wanaume wa kambini wakaona jina ni refu mno, wakalikata wakamwita Dallas. Kisha Dallas akawalea ndama watatu wa tembo waliokosa mama, akawalisha na kuwaogesha, na Henry Mancini akaitungia sehemu hiyo muziki uliovuma dunia nzima. Ndipo, katika hadithi, Warusha wakampa jina la tatu: Mama Tembo.

Mshairi na asimame hapa kidogo. Kwetu Singida, kama kwingi nchini, mwanamke akipata mtoto huitwa kwa jina la mwanawe. Dallas hana mume wala mtoto, ila ana ndama. Jina hilo basi ni sitiari iliyojificha ndani ya desturi: linamhesabu kuwa mzazi kwa kuwa amelea. Wazungu wenzake walimfupisha, ilhali jina la Kiswahili lilimkuza.

Lakini jina hilo lina mtego. Pwani, tembo ni kileo cha mnazi pia, na ndiyo maana tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Upatanisho wa kisarufi ndio utofautishao: tembo *amekwisha* ni msiba wa porini, tembo *limekwisha* ni msiba wa walevi. "Mama Tembo" haina kitenzi cha kuamua. Mswahili wa Mombasa angeweza kudhani anatajiwa muuza pombe. Laiti angeitwa Mama Ndovu, utata usingekuwapo.

Na ni nani hasa aliyempa jina? Kwenye kioo tunawaona Warusha, lakini mswada uliandikwa na Leigh Brackett, mwandishi wa Kimarekani. Desturi ni yetu, maneno ni yetu, kalamu haikuwa yetu. Picha zilipopigwa, Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Filamu ilipotoka, bendera ya Uhuru ilikuwa imeshapandishwa tangu tarehe 9 Desemba 1961. Neno "hatari", ambalo sisi wenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, likabandikwa kwenye kuta za majumba ya sinema ya Marekani na Ulaya kama lugha ya taifa huru, bila watazamaji wengi kujua ni lugha ya nani.

Martinelli alicheza tena chini ya Orson Welles katika *The Trial*, kisha umaarufu wake Hollywood ukapungua. Mwaka 1968 aliolewa na Willy Rizzo, mpiga picha, kana kwamba uhusika wa Dallas ulikuwa umemtangulia. Alifariki Roma tarehe 8 Julai 2017.

Kati ya majina yote aliyoyavaa, la Kiswahili ndilo pekee lililomtaja kwa tendo lake. Linastahili beti za washairi wetu, na safari hii kalamu iwe mkononi mwetu.