Sauti Nyuma ya Mlango: Riwaya ya Upelelezi, Santuri na Msikilizaji wa Kapsokwony

Utangulizi

Aghalabu wahakiki huichukulia riwaya ya upelelezi kuwa fumbo lililoandikwa ili lisomwe kimyakimya. Msomaji ana uhuru wa kurudi nyuma, kulinganisha kurasa na kumnasa mwandishi pale alipoficha jambo. Mtazamo huo unasahau kwamba utanzu huu ulianza kusomwa kwa sauti mapema. Mwaka 1935, Taasisi ya Taifa ya Vipofu ya Uingereza ilipoanza kuwapelekea wasioona vitabu vilivyosomwa katika santuri, miongoni mwa vile vya kwanza kabisa ilikuwamo The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie iliyotoka mwaka 1926. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo haukubadilisha chombo tu, bali ulimweka msikilizaji mahali pale pale ambapo riwaya yenyewe inamweka mtu anayedanganywa. Dai hilo linachunguzwa kwa kumfikiria msikilizaji wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako habari za majumba makubwa ya mashambani si ngeni.

Vita Vimoja, Tuzo Mbili

Vitabu vya santuri ni matunda ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ian Fraser, aliyepofuka katika mapigano ya Somme mwaka 1916 na baadaye kuliongoza shirika la St Dunstan's la askari vipofu, alikuwa miongoni mwa waliopigania uvumbuzi huo. Santuri za kawaida za wakati ule zilicheza dakika chache tu. Ilibidi itengenezwe santuri ya mwendo wa polepole, yenye takriban dakika 25 kila upande, ndipo riwaya nzima ikaweza kutoshea katika idadi ya santuri inayobebeka.

Vita hivyo hivyo viliacha alama yake Trans Nzoia. Chini ya mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa makazi waliokuwa askari, mashamba katika eneo la Kitale yaligawiwa Wazungu waliotoka vitani. Askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyo hawakuhesabiwa katika mgao huo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, mwaka ule ule wa riwaya ya Christie. Wazee wa Wakony, tawi mojawapo la Wasabaot, walitoa madai yao ya ardhi ya Trans Nzoia mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoteuliwa mwaka 1932. Walisema kwa vinywa vyao, na maneno yao yakachapishwa kwa Kiingereza. Mashamba yalibaki mikononi mwa walowezi.

Imla Iliyovikwa Sauti

Fumbo la riwaya ya Christie limejengwa juu ya sauti. Katika jumba la Fernly Park, saa tatu na nusu usiku, katibu wa Roger Ackroyd anamsikia tajiri wake akizungumza nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo inakubaliwa kwamba saa hiyo Ackroyd alikuwa hai. Hatimaye Hercule Poirot anathibitisha kwamba mzungumzaji alikwisha kufa. Maneno yalitoka katika diktafoni, mashine ya kunasia imla, ambayo muuaji aliitega ianze yenyewe baada ya yeye kuondoka.

Kinachomzindua Poirot si mlio wa sauti bali mtindo wa maneno. Yalikuwa na urasmi wa barua, na hapana mtu anayezungumza na mgeni wake kwa lugha ya barua. Kwa istilahi za kihakiki, Poirot anatenganisha usemi halisi na maandishi yaliyotamkwa. Sasa, kitabu cha santuri ni nini kama si maandishi yaliyotamkwa? Msikilizaji wake naye yuko nje ya mlango, akiisikiliza sauti ya mtu asiyekuwapo.

Ugumu unaongezeka kwa kuwa msimulizi, Daktari Sheppard, ndiye muuaji. Dakika za mauaji anazipita kwa kauli fupi isiyo na uongo na isiyo na ukweli wote. Kwenye ukurasa, pengo hilo ni nafasi nyeupe tu. Kwa anayesoma kwa sauti, ni pumzi ambayo lazima aipime. Akikawia, amefichua siri. Akiharakisha, amemnyima msikilizaji haki yake ya kushuku. Katika utambaji wa hadithi, hadhira huitikia "hadithi njoo", huuliza na humkatiza fanani. Santuri haikatizwi. Sheppard anapata kile ambacho mwongo yeyote angekitamani: hadhira isiyoweza kumuuliza swali.

Upande wa Jikoni

Kapsokwony ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mlima Elgon, iliyomegwa kutoka Bungoma mwaka 1993. Historia ya watu wake inayakumbuka majumba ya walowezi kutoka upande wa jikoni na wa zizi la ng'ombe. Msikilizaji aliyerithi kumbukumbu hiyo hawezi kumpuuza Parker, mtumishi mkuu wa Fernly Park, anayeonekana karibu na mlango wa tajiri wake na kushukiwa mapema. Kweli, Parker ana doa katika maisha yake ya nyuma. Hata hivyo, linganisho linabaki: mtumishi akisimama mlangoni ni mshukiwa, daktari akiingia na mkoba wake ni rafiki. Cheo ndicho kinachoipa sauti ya Sheppard uzito wa ushahidi.

Hapo ndipo riwaya ya kujiburudisha inapogusa jambo zito. Mbele ya Tume, usemi wa wazee uligeuzwa maandishi wala haukuwarudishia ardhi. Katika santuri, maandishi ya muuaji yaligeuzwa sauti na yakaaminiwa hadi sura za mwisho. Kila mara swali ni lile lile: nani anaruhusiwa kusema bila kuulizwa?

Hitimisho

Usomaji ulionaswa hauna budi kuhakikiwa kama utendaji, wala si kama nakala ya kitabu. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), inastahili uchunguzi wa namna hiyo hiyo: si siri tu inayofichwa na mwandishi, bali pia kile ambacho sauti ya msomaji inakilinda au kukisaliti. Poirot alifanikiwa kwa sababu aliuliza jinsi maneno yalivyosikika, baada ya wengine wote kuridhika kwamba yalisikika.