Fedha za Ulaya katika mafunzo ya kazi: Zinavyofika, zinakoishia

MAFUNZO ya ufundi na mipango ya ajira nchini yamekuwa yakigharimiwa kutoka mifuko miwili: mapato ya ndani na misaada ya nje, ikiwamo ya Ulaya. Wilaya ya Kyela, iliyoko kaskazini mwa Ziwa Nyasa mkoani Mbeya, inaonyesha faida na mipaka ya utaratibu huo.

Fedha za Ulaya huingia kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni msaada wa bajeti, unaopokewa na Hazina baada ya masharti yaliyokubaliwa kutimizwa. Ya pili ni miradi yenye mkataba, muda na maeneo maalumu. Ya tatu ni ruzuku kwa asasi zisizo za kiserikali.

Hadi mwaka 2020, misaada ya Umoja wa Ulaya kwa Tanzania ilipitia hasa Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, uliochangiwa na nchi wanachama nje ya bajeti ya kawaida ya umoja huo. Mwaka 2021 iliingizwa katika bajeti hiyo, chini ya mpango wa hadi 2027 wenye euro bilioni 79.5 kwa ajili ya nchi zisizo wanachama duniani.

Mfano wa zamani wa misaada hiyo ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa msaada wa Sweden na kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi hiyo. Lengo lilikuwa kuwapa watu wazima wa vijijini stadi kama useremala, uashi, ushonaji na kilimo. Kwa mkazi wa Kyela, vilivyo jirani ni Katumba, wilayani Rungwe, na Nzovwe, jijini Mbeya.

Msaada wa Sweden ulipokoma katika miaka ya 1990, vyuo vingi vilibaki na majengo chakavu na vifaa vilivyopitwa na wakati. Mwaka 2017 vilihamishiwa Wizara ya Elimu, na ukarabati uliofuata ulitegemea mkopo wa Benki ya Dunia. Kilichoanza kwa msaada kikaendelezwa kwa deni.

Mfano wa karibuni ni AGRI-CONNECT, mpango wa Umoja wa Ulaya wa euro milioni 100 ulioanza mwaka 2020. Ulilenga kuongeza kipato na ajira kupitia chai, kahawa na mazao ya bustani, katika Nyanda za Juu Kusini na Zanzibar.

Rungwe ni wilaya ya chai. Kyela, iliyo bondeni takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, hutegemea mpunga, kokoa, michikichi na uvuvi. Mazao hayo hayakuwa miongoni mwa yaliyochaguliwa. Wilaya hizo zinapakana, lakini mkataba ulitazama zao, si ujirani.

Mfuko wa ndani ni tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na waajiri kwa asilimia ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja ya tozo hiyo ilielekezwa kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kiwango chake kilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013, na Julai 2023 kilishushwa hadi asilimia 3.5.

Tofauti na mradi, tozo haina tarehe ya mwisho. Hata hivyo, kila kiwango kinaposhuka, mwajiri hupata nafuu na mfuko wa mafunzo hupungua, na ndipo mchango wa wafadhili huonekana kuwa wa lazima zaidi.

Kwa hiyo, mradi mpya unapotangazwa, halmashauri na wananchi wana maswali matatu ya kuuliza: unahusu maeneo na mazao gani, unamalizika lini, na nani atalipa walimu na kununua vifaa siku mfadhili atakapoondoka. Swali la tatu ndilo ambalo vyuo vya mwaka 1975 vilikosa jibu lake mapema.