Kumpiga picha usiyemjua: Sheria na adabu

HAKUNA sheria nchini Kenya inayoharamisha kwa jumla kupiga picha za watu barabarani, sokoni au ufuoni. Hata hivyo, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na haki hiyo haimwishii mlangoni pa nyumba yake.

Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Mfanyabiashara anayeitumia kujitangazia bila idhini ya mwenyewe hujitia hatarini. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kilitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja.

Wanahabari huondolewa baadhi ya masharti hayo iwapo habari yenyewe ina maslahi kwa umma.

Adabu hudai zaidi ya sheria. Msalimu mtu kwanza, kisha umwombe ruhusa. Mjini Lamu, kwa mfano, wanawake wengi waliovaa buibui hawapendi kupigwa picha. Akijifunika uso, shusha kamera. Kwa mtoto, ombi ni la mzazi. Naye majeruhi aliyelala kando ya barabara hawezi kukubali wala kukataa: msitiri, umwitie msaada. Uungwana ni vitendo.