Seli na Tishu Unganishi: Historia ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi

Kila istilahi ina historia yake. Mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kuteua neno linaloficha jambo ambalo wataalamu wamekwisha ligundua. Mfano mmoja ni uhusiano wa seli na tishu unganishi, yaani tishu ya kano, gegedu, mifupa na sehemu ya ndani ya ngozi.

Kwa muda mrefu nyuzi za kolajeni na vitu vingine vilivyo nje ya seli vilidhaniwa kuwa na kazi ya kushikilia viungo na kujaza nafasi tu. Mwaka 1973 Richard Hynes, akiwa Uingereza, na Erkki Ruoslahti na Antti Vaheri, wakiwa Ufini, walieleza protini kubwa iliyo juu ya uso wa seli. Seli zilipogeuzwa na virusi na kupata tabia za saratani, protini hiyo ilipungua mno. Baadaye iliitwa fibronektini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya uzi na kufunga.

Mwaka 1982 Mina Bissell na wenzake, huko Marekani, walitoa hoja kwamba vitu hivyo vya nje huathiri utendaji wa jeni, nayo seli huvibadili. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kuwa seli huitambua fibronektini kwa mfuatano mfupi sana wa asidi amino, ambao kiini chake ni arginini, glisini na asidi aspatiki. Mwaka 1986 Hynes na wenzake walikiita kipokezi chake integrini, kwa kuwa hupenya utando wa seli na kuunganisha vitu vya nje na kiunzi cha ndani. Ilidhihirika baadaye kwamba integrini hupitisha ujumbe pande zote mbili. Kwa kazi hii Hynes, Ruoslahti na Timothy Springer walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2022.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba vitu hivyo visiitwe "kijazio" wala "saruji ya seli". Mwanafunzi aliyefundishwa kwa maneno hayo hataelewa kwa nini seli nyingi za kawaida hufa zikibanduliwa mahali pake, wala kwa nini baadhi ya seli za saratani huokoka na kusambaa. Twapendekeza "matriksi ya nje ya seli". Neno hilo ni la kukopa, lakini halipotoshi. "Tishu unganishi" nalo libaki, mradi mwalimu aeleze kwamba kuunganisha huku ni pamoja na kupashana habari.