Darth: Jina la Mtu Lililogeuka Cheo

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie Star Wars. Najua wapo watakaosema hiyo ni sayansi ya kubuni. Mimi nasema ni hekaya tupu: ina panga, wachawi, binti mfalme na mzee wa jangwani mwenye siri. Vyombo vya angani ni mapambo tu.

Swali la leo ni hili: ile nafasi ya adui mkuu, inayorithiwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, ilitoka wapi? Wengi huamini kwamba George Lucas aliipanga yote tangu siku ya kwanza. Ukifuata tarehe moja baada ya nyingine, utaona mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Tuanze 1974. Katika rasimu ya mapema ya Lucas, Darth Vader alikuwa jenerali wa kawaida wa dola. Hakuwa na barakoa wala nguvu za ajabu. Shujaa wa Sith katika rasimu hiyo alikuwa mtu mwingine, Prince Valorum. Baadaye Lucas aliwaunganisha hao wawili wakawa mhusika mmoja. Mnamo 1975 mchoraji Ralph McQuarrie akamvika ile barakoa ya kupumulia, na Vader tunayemjua akazaliwa.

Filamu ya kwanza ilitoka Mei 1977. Itazame tena ile sehemu Obi-Wan anapopigana na Vader. Mzee anamwita "Darth" tu, vile ambavyo wewe ungemwita rafiki yako Juma au Otieno. Wakati huo Darth lilikuwa jina la mtu, basi. Neno Sith lenyewe halikutamkwa katika filamu yoyote ya mwanzo. Lilikuwa vitabuni.

Wapo wanaojibu kwamba "vader" ni baba kwa Kiholanzi, kwa hiyo siri ilikuwa wazi tangu zamani. Lakini jina lilikuwepo 1974, wakati yule jenerali hakuwa baba wa shujaa yeyote. Tena mwandishi Leigh Brackett alipokamilisha rasimu ya filamu ya pili mapema 1978, baba yake Luke na Vader walikuwa bado watu wawili tofauti. Brackett alifariki Machi mwaka huo. Lucas akaandika rasimu nyingine mwenyewe, na humo ndimo Vader akawa baba.

Hapo ndipo urithi ulipoingia. Katika filamu ya 1980, Vader anamtaka mwanawe wampindue Mfalme na kutawala pamoja. Katika ile ya 1983, Mfalme anamchochea Luke amuue babake na kuichukua nafasi yake. Ona mtindo: nafasi ni chache, na anayeitaka lazima amwondoe aliyeikalia. Lakini hakuna aliyekuwa ameutaja mtindo huo kuwa sheria.

Sheria ilikuja 1999, katika The Phantom Menace. Yoda anaeleza kwamba Sith huwa wawili daima, mwalimu na mwanafunzi. Papo hapo tunakutana na Darth Maul na Darth Sidious. Ghafla Darth si jina tena, ni cheo! Riwaya ya filamu hiyo, iliyoandikwa na Terry Brooks, ikamtaja mwanzilishi wa sheria hiyo: Darth Bane, aliyebaki baada ya Sith kumalizana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2006 Drew Karpyshyn alimwandikia Bane riwaya nzima.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Unaanza na kitu kimoja, unakipa jina. Miaka ikipita unahitaji vingine vya aina hiyo, basi lile jina linakuwa klasi, na vitu vipya vinairithi. Shida ni msimbo wa zamani, kwani haukujua kwamba siku moja kutakuwa na klasi.

Ushahidi uko wazi. Katika vibonzo vya miaka ya 1990, Exar Kun anaitwa Bwana wa Giza wa Sith, naye aliishi miaka kama 4,000 kabla ya Luke. Lakini hana "Darth", kwa sababu vilipochapishwa neno hilo lilikuwa bado jina la mtu mmoja. Kisha mchezo wa tarakilishi wa Knights of the Old Republic, uliotoka 2003, unasimulia miongo michache tu baada ya Exar Kun, na humo kuna Darth Revan na Darth Malak. Ni zama zilezile karibu, ila mmoja aliandikwa kabla ya 1999 na wengine baadaye.

Wala si jambo geni duniani. Kaisari lilikuwa jina la ukoo wa Julius Caesar, likawa cheo cha watawala wa Roma, mpaka Wajerumani wakapata Kaiser na Warusi wakapata Tsar.

Kwa nini nayajali haya? Kwa sababu ukiamini kila kitu kilipangwa, Luke anakuwa kibaraka wa hadithi tu. Ukijua kwamba sheria iliandikwa baadaye, unaona uzito wa tendo lake la 1983. Babake ameanguka, nafasi iko wazi, naye anautupa upanga wake na kukataa. Miaka 16 kabla ya sheria kuandikwa, tayari alikuwa ameivunja.

Na kuna kichekesho cha mwisho. Darth Bane alipotokea katika katuni ya The Clone Wars mwaka 2014, sauti yake ilikuwa ya Mark Hamill, yuleyule aliyemwigiza Luke. Aliyekataa urithi akapewa sauti ya aliyeuanzisha.

Nawe msomaji, ni adui yupi mwingine wa hekaya ambaye jina lake ni kiti cha kurithiwa? Mfuatilie kwa tarehe za kuchapishwa, usifuate kalenda ya ndani ya hadithi. Utashangaa. Tukutane tena panapo majaliwa.