Mwolezwa: Jina la Mtu Aliyeazimwa Sura

Desemba 1849, mwanamke mmoja wa London, Jane Seymour Hill, alijikuta ndani ya hadithi ambayo hakuiandika wala hakuombwa kuingia. Hadithi yenyewe ilikuwa David Copperfield ya Charles Dickens, iliyokuwa ikitoka kwa vipande kila mwezi. Katika kipande kipya aliingia Miss Mowcher, mwanamke mfupi mno, mdomo haufungi, anayezunguka nyumba za wakubwa akiwatengeneza nywele na kucha huku akibeba siri zao. Bi Hill naye alikuwa mfupi vivyo hivyo, kazi yake ilikuwa kutunza kucha na miguu ya watu, na hakukaa mbali na nyumba ya Dickens. Majina yalitofautiana. Maumbo yalikuwa shilingi kwa ya pili.

Akamwandikia barua. Kwa ufupi, alilalamika kwamba mwili wake umemtesa miaka mingi, lakini hakutarajia kuumizwa kwa sababu ya mwili huo na mtu mwenye kipaji kikubwa namna ile. Dickens hakukana. Alikiri kwamba kwa sehemu alimtumia yeye, akaeleza masikitiko yake, akaahidi kumgeuza mhusika. Ndiyo maana Miss Mowcher aliyeingia katika sura ya 22 akinukia hila anarudi katika sura ya 32 akiwa mtu wa huruma, na anamwonya David asidhani kwamba kasoro ya mwili ni kasoro ya moyo. Kwa Kiswahili jambo hili linasemeka vizuri kuliko kwa Kiingereza: sura ya mtu ilikuwa imeshachapwa na kusomwa, haibadiliki tena, basi Dickens akabadili sura ya kitabu.

Hapo ndipo linapozuka swali la istilahi. Dickens ni mwandishi. Miss Mowcher ni mhusika. Bi Hill tumwiteje?

Uhakiki wetu una majina ya kila aina ya mhusika: mkuu, mdogo, bapa, duara, foili. Mtu wa mtaani aliyeazimwa umbo ili mhusika apate kuonekana hana jina. Wahakiki wa Kirusi humwita prototipu, neno lenye asili ya Kigiriki linalobeba maana ya chapa ya kwanza, nao wamelizoea kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari hulitumia bila kusita. Sisi barazani tuna vitenzi tele: "kamchora fulani", "kamwandika fulani", au kwa mkato, "huyu ni fulani mtupu!" Lakini kila ukisikiliza, kitenzi kinamsifu au kumlaumu anayechora. Aliyechorwa anabaki "fulani".

Tuyapime maneno yaliyopo. Kielelezo lina kazi nyingi mno. Vitabuni ni mchoro wa kufafanulia maelezo, mahakamani ni kisu au hati iliyopokewa kama ushahidi. Ukisema Bi Hill ni kielelezo cha Miss Mowcher, msomaji anaweza kudhani Bi Hill ni picha iliyochorwa kitabuni, na hapo mambo yamegeuka juu chini. Kigezo nalo ni kipimo: mwombaji wa kazi ametimiza vigezo au hakutimiza. Hakuna aliyempima Miss Mowcher kwa Bi Hill.

Linabaki kiolezo, kutoka kitenzi oleza, yaani kutengeneza kitu kwa kufuatisha kingine. Anayetumia kompyuta kwa Kiswahili ameshakutana na violezo vya barua na vya wasifu wa kazi. Mimi maana yake naiona zaidi kwa fundi cherehani. Unampelekea gauni la zamani linalokukaa vizuri na kitambaa kipya. Analitandika gauni juu ya kitambaa, analinyoosha kwa kiganja, kisha kwa kipande chembamba cha sabuni anazungusha mstari pembeni yake, akiacha vidole viwili vya mshono. Shingo anaipunguza kwa sababu umesema hivyo, mkono anaurefusha kwa sababu mtindo umebadilika. Kisha anaanza kukata. Gauni jipya lina umbo la lile la zamani, lakini si lile. Kazi ya mwandishi anapomchukua mtu na kumfanya mhusika haina tofauti na hii, pamoja na ule mstari wa sabuni ambao hukaa nje kidogo ya kitu chenyewe.

Tofauti ni kwamba gauni halisomi. Halina jirani wa kulicheka. Hapo kiolezo kinapwaya, na sababu iko kwenye kiambishi chenyewe. Ni kweli ki- humbeba pia kijana, kiongozi na kinyozi, wala hawatukaniki. Lakini ki- hiyohiyo ndiyo ya kilema, kiziwi na kipofu, na tumeshuhudia jinsi lugha ilivyosogea kutoka kilema hadi mlemavu, na kutoka mlemavu hadi mtu mwenye ulemavu, kwa sababu waliokuwa wakiitwa hivyo walisema hawataki. Kumwita Bi Hill kiolezo ni kumrudishia jeraha lile lile lililomfanya ashike kalamu.

Napendekeza mwolezwa. Limeundwa kama mpendwa, mshtakiwa na mhojiwa: mtu ambaye tendo limemwangukia. Wingi wake ni waolezwa. Anayetenda ni mwolezaji, na tendo ni kuoleza, nalo laweza kuwa kuoleza sura, kuoleza tabia au kuoleza maisha. Kiolezo tusikitupe, kina kazi yake, kama mfano ufuatao utakavyoonyesha.

Arthur Conan Doyle alipokuwa akisomea udaktari Edinburgh, alikuwa karani wa Dakta Joseph Bell hospitalini. Bell, mwembamba mwenye pua ya juu, alikuwa na mazoea ya kumtazama mgonjwa aingiapo na kumtajia kazi yake na alikotoka kabla hajafungua mdomo. Kutokana na Bell akapatikana Sherlock Holmes, aliyetoka kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na mwaka 1892 Doyle alimwandikia mwalimu wake akikiri deni hilo. Mkondo ukafika Zanzibar. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi mwenye kiko aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na Najum ubavuni pake, ana harufu ya Holmes waziwazi. Sasa istilahi zinagawana kazi. Bell ni mwolezwa wa Holmes, kwa sababu Bell ni mtu. Holmes ni kiolezo cha Bwana Msa, kwa sababu Holmes ni wa karatasi. Kiolezo hakiwezi kuandika barua ya malalamiko.

Kuna pia mwolezwa anayetajwa kwa jina lake. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake mwaka 1969 aliiita Kinjeketile, na katika utangulizi akatahadharisha kwamba mhusika wake, japo anafanana na mtu wa historia, ni kiumbe wa sanaa. Herufi mbili katika jina, i mbili zilizogeuka e, zimekaa pale kama ule mstari wa sabuni: huku mwolezwa, huku mhusika.

Pengine kuolezwa kunakuwa heri. Mwaka 2002 wachoraji wa vibonzo vya Marvel walimpa mhusika wao Nick Fury uso wa mwigizaji Samuel L. Jackson. Mwaka 2008 Jackson mwenyewe akaingia kwenye filamu kumwigiza Fury. Mwolezwa akaja kuvaa nguo iliyokatwa kwa umbo lake.

Lakini Jackson alipewa ushujaa. Bi Hill alipewa hila ambazo hazikuwa zake, na hapa ndipo kuoleza sura kunapotofautiana na kuoleza tabia. Tabia ikiazimwa peke yake, mwenyewe anaweza kusoma kitabu kizima asijigundue. Sura ikiazimwa, mtaa mzima unamtambua, kisha unambandika na tabia ambazo mwandishi alizitunga tu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema. Na sura ya kuazima haimsitiri mwenyewe, hata ukimpa jina jingine. Mahakama zililitambua hilo. Mwaka 1934 Princess Irina Yusupov alilishtaki London shirika la filamu la MGM kwa filamu ya mwaka 1932 kuhusu Rasputin. Mhusika aliyelalamikiwa aliitwa Natasha, lakini Irina alisema watazamaji watamwona yeye, akashinda na kupewa fidia ya pauni 25,000. Tangu hapo lile tangazo la kwamba wahusika wote ni wa kubuni na kufanana na mtu yeyote ni sadfa likazoeleka kwenye filamu. Tangazo hilo, ukilisoma vizuri, ni barua kwa waolezwa wasiotajwa.

Nikirudi kwa Bi Hill, neno letu la mhusika lenyewe lilikuwa limeshamtabiri. Limetokana na kuhusika, na nje ya vitabu vya fasihi bado linatumika hivyo. Ofisini faili likifunguliwa, karani huuliza, "Mhusika yuko wapi?" akimtaka mwenye shauri lake aingie. Msomaji wa Dickens angemjibu kwamba mhusika yuko sura ya 22. Bi Hill alijibu kwa barua kwamba mhusika ni yeye. Wote wawili wangekuwa wamesema kweli, na ndiyo sababu tunahitaji neno la pili.