Kesi za mashamba zirudi kwa wazee?

1/ Kampeni zikifika Bungoma na Trans Nzoia hukosi kusikia ahadi hii: kesi za mashamba zirudi kwa wazee. Tuangalie historia kwanza.

2/ Sheria ya 1990 iliunda mabaraza ya wazee ya kuamua kesi za mipaka, haki ya kulima na kuingilia shamba la mtu. Umiliki haukuwa kazi yao. Mengine yalivuka hapo, yakagawa mashamba yenye hati, na Mahakama Kuu ikafuta maamuzi yao.

3/ 2011 mabaraza yakavunjwa, ikaja Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Iko Bungoma, iko Kitale.

4/ Lakini wazee hawakufungiwa mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inataka upatanisho na njia za kienyeji zihimizwe.

5/ Sasa jirani yako Lugulu amesogeza mpaka, na mashamba yana hati? Wazee wanaweza kuwapatanisha. Ikishindikana, anza kwa msajili wa ardhi. Sheria ya 2012 hairuhusu mahakama kusikiza kesi ya mpaka kabla msajili hajauamua. Ukikimbilia kortini moja kwa moja, unaweza kupoteza pesa na miaka. Ndiyo maana ushauri wa wakili unatakikana mapema.

6/ Mgombea akirudia ile ahadi, muulize: wazee wataamua mpaka, ama hati?